Mkeka wa dola milioni: Ndani ya mchezo ambao bingwa analipa kiingilio

IFAKARA. UKITAJA neno mkeka kwenye kibanda umiza chochote cha Ifakara Jumamosi jioni, hakuna atakayewaza ukindu wala sebule ya bibi. Kila mtu atachungulia simu yake aone kama ile timu ya mwisho kwenye listi imefunga, au imemchania.

Lakini kuna mkeka mwingine ambao siku hizi unapita kwenye simu hizo hizo, katikati ya klipu za mabao na tambo za Simba na Yanga. Ni mkeka mnene kama godoro gumu. Juu yake wanaume wawili wamelala chini, wamekumbatiana kama ndugu wanaogombea shuka moja. Mmoja anawinda mkono, mwenzake anawinda shingo. Dakika kadhaa zikipita, mmoja anagonga kwa kiganja mara mbili tatu, refa anawatenganisha, mchezo umekwisha. Hakuna ngumi, hakuna teke.

Mchezo huo ni jujitsu, ile ya Brazil. Wapo watoto wa bonde la Kilombero wanaoucheza bila kulijua jina lake. Pita jirani na mashine za kukoboa mpunga, utawaona juu ya lundo la pumba wanaangushana mieleka. Anayewekwa mgongo chini anaamka, anajipangusa, anadai marudiano hapo hapo.

Swali la kwanza la wadau wakiiona klipu ya namna hii ni lile lile tunalouliza mchezaji akisajiliwa: je, mpunga upo? Na hapa Ifakara, mji unaolima, unaokula na unaouza mpunga wenyewe, swali hilo halina utani.

Jibu fupi ni kwamba mpunga upo. Ila haupo pale unapodhani, na njia ya kuufikia ina mafunzo kwa kijana yeyote wa huku anayetaka mwili wake umlipe, awe bondia, mwanajudo au winga wa timu ya mtaa.

Mbuzi wa ndondo

Mtu wa soka ataielewa biashara ya jujitsu haraka kuliko anavyodhani, kwa sababu tayari anaijua ndondo.

Ndondo inavyokwenda kila mtu anafahamu. Kila timu inalipa kiingilio. Fedha hiyo ndiyo inayonunua mbuzi, inamlipa refa, inanunua chokaa, na kinachobaki ni cha mwandaaji. Timu ikichukua ubingwa inaondoka na mbuzi wake kwa shangwe. Ukipiga hesabu ya kiingilio, nauli za bodaboda, maji na dawa za maumivu, mbuzi ameshaliwa kabla hajachinjwa.

Sasa ipeleke ndondo hiyo California. Mashindano ya dunia ya jujitsu yanayoandaliwa na IBJJF yalianza mwaka 1996 mjini Rio de Janeiro, na tangu 2007 yamehamia Marekani. Mshiriki analipa zaidi ya dola 100 kuingia, ambayo kwa fedha yetu inapita laki mbili na nusu. Hapo bado tiketi ya ndege, hoteli, chakula, na miezi ya mazoezi ambayo hakuwa kazini. Kwa miaka mingi aliyetwaa ubingwa wa dunia aliondoka na medali, picha na jina. Mbuzi mwenyewe hakuwepo.

Unaweza kujiuliza waandaaji wanaishije bila watazamaji wa kujaza uwanja. Wanaishi kwa washiriki. Kwenye mashindano makubwa wanaingia maelfu ya watu: mikanda myeupe, ya bluu, ya zambarau, ya kahawia na myeusi, vijana na maveterani wenye mvi. Kila mmoja amelipa. Walioko jukwaani wengi ni wake zao, watoto wao, makocha wao na wale wanaosubiri zamu. Anayecheza na anayelipa ni mtu yule yule.

Kwenye soka letu mambo ni tofauti. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa miaka kumi wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Hapo analipa anayetazama, kupitia king'amuzi chake, na mdhamini anayemtaka huyo anayetazama. Jujitsu kwa muda mrefu haikuwa na mtazamaji wa nje, na mchezo usio na mtazamaji unamla mchezaji wake.

Kutoka Tokyo hadi Maracanã

Mizizi ya mchezo huu ni Japani. Mwaka 1882 Jigoro Kano alianzisha judo mjini Tokyo, akiijenga juu ya jujitsu ya zamani. Mmoja wa wanafunzi wa shule yake, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil mwaka 1914 na baadaye akaweka makazi Belém. Alifundisha, na miongoni mwa waliojifunza alikuwamo kijana Carlos Gracie. Familia ya Gracie ndiyo iliyouchukua mchezo ule, ikaupeleka chini zaidi, sakafuni, mahali ambapo mdogo anaweza kumchosha mkubwa.

Kwa mtu wa mpira, Maracanã ni kilio cha Brazil mbele ya Uruguay mwaka 1950. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1951, uwanja huo huo ulishuhudia kilio kingine. Helio Gracie, mdogo wake Carlos, alivaana na Mjapani Masahiko Kimura. Kimura akaukunja mkono wa Helio mpaka ukavunjika. Helio akakataa kugonga. Kaka yake ndiye aliyesalimu amri kwa niaba yake.

Cha ajabu ni kilichofuata. Mkunjo ule mpaka leo unaitwa kimura dunia nzima, na waliolisambaza jina hilo ni watu wa upande uliopigwa. Fikiria shabiki wa Yanga akubali aina fulani ya bao iitwe kwa jina la mshambuliaji wa Simba aliyewaliza. Huo ndio utamaduni wa mchezo huu: aliyekufunga amekufundisha.

Dunia ilikuja kuelewa Novemba 12, 1993, mjini Denver, kwenye UFC ya kwanza. Royce Gracie, mtoto wa Helio, mwembamba wa kilo kama 80, aliwamaliza watu watatu usiku mmoja na kuondoka na dola 50,000. Wa kwanza alikuwa bondia Art Jimmerson, aliyepanda na glavu moja tu mkononi. Hakupata hata nafasi ya kuitumia. Alilazwa chini, akagonga.

Kesho yake kila mpiganaji alitaka kujifunza roba na mikunjo. Wanafunzi wakaongezeka, vilabu vikaongezeka. Mishahara ya wanaoshindana haikuongezeka.

Sheikh alipofungua mfuko

Aliyeanza kubadilisha upepo hakutoka Brazil wala Marekani. Alitoka Abu Dhabi.

Sheikh Tahnoon bin Zayed aliupenda mchezo huu alipokuwa masomoni Marekani. Aliporudi nyumbani alianzisha mashindano ya ADCC, ya kwanza yakafanyika Abu Dhabi mwaka 1998. Hapo wanacheza bila koti la mazoezi, wanaitwa walio bora, na mshindi analipwa. Bingwa wa uzito wake kwa wanaume anachukua dola 10,000. Anayeshinda uzito wazi, ambako mdogo na mkubwa wanachanganywa, anachukua dola 40,000. Kwa miaka mingi hilo ndilo lilikuwa taji linaloheshimika kuliko yote.

Abu Dhabi haikuishia hapo. Mwaka 2008 jujitsu iliingizwa shuleni, na mamia ya makocha kutoka Brazil wakaajiriwa kwenda kufundisha watoto. Mwaka 2009 yakaanza mashindano ya dunia ya kulipwa, na mwaka 2018 mchezo ukaingia kwenye Michezo ya Asia kule Jakarta.

Hapa ndipo pa kutulia. Tunaliona taji la dola 10,000 kwenye klipu, kwa sababu lina mwanga na kelele. Kocha anayefundisha watoto shuleni asubuhi na kulipwa mwisho wa mwezi haonekani kwenye klipu. Lakini ukiwauliza wenye familia, wengi wangechagua ile ya mwisho wa mwezi.

Dola moja ya dharau

Agosti 2024 mchezo huu ulipata bato ambalo hata sisi tuliozoea vita vya usajili tungeliheshimu.

ADCC ilikuwa imepangwa Agosti 17 na 18 mjini Las Vegas, kwenye ukumbi mkubwa wa T-Mobile Arena. Craig Jones, raia wa Australia aliyewahi kuchukua nafasi ya pili ADCC, alikuwa analalamika muda mrefu kwamba ukumbi unakua, tiketi zinauzwa, ila zawadi haisogei. Hakuishia kulalamika. Akaandaa mashindano yake mji huo huo, wikiendi hiyo hiyo, Agosti 16 na 17, kwenye ukumbi wa Thomas & Mack, yakaonyeshwa bure mtandaoni.

Aliweka makundi mawili ya wanaume, chini ya kilo 80 na juu yake, kila kundi watu 16. Bingwa wa kila kundi dola milioni moja, zaidi ya Sh2.6 bilioni. Na kila aliyeingia, hata akitolewa mechi ya kwanza, dola 10,001.

Iangalie ile moja mwishoni. Haikuwekwa kwa bahati mbaya. Maana yake ni kwamba aliyepigwa raundi ya kwanza kwa Jones aliondoka na dola moja zaidi ya bingwa wa ADCC. Ni dharau ya kistaarabu kabisa, na ilifika.

Kade Ruotolo, kijana wa miaka 21, alichukua milioni ya kundi la chini. Nick Rodriguez akachukua ya kundi la juu. Mwaka 2025 Jones akarudi na muundo wa timu, milioni ikiwa ya timu bingwa.

Usidhani kila kitu kilinyooka. Mwaka 2024 milioni zote mbili zilikuwa za wanaume. Wanawake walipewa mapambano ya pekee tu. Hata ADCC ya mwaka huo ilikuwa na madaraja matano ya uzito kwa wanaume na matatu kwa wanawake. Na mfuko unaotegemea tajiri mmoja, awe sheikh au mwekezaji, unaweza kufungwa siku tajiri akichoka. Sisi wa mpira tunazijua timu zilizopanda daraja na mfadhili, zikashuka naye.

Msaliti na medali ya kugawana

Kuna mambo mawili ya ndani ya mchezo huu ambayo yangewasha moto kijiweni.

La kwanza ni usajili. Zamani kwenye jujitsu ya Brazil kuhama klabu lilikuwa kosa la jinai mtaani. Carlson Gracie, mmoja wa makocha wakubwa wa familia hiyo, aliwaita waliohama "creonte", jina la mhusika wa tamthilia ya televisheni aliyekuwa kigeugeu. Neno likabaki. Mwanafunzi alilipa ada kila mwezi, hakuwa na mkataba wala mshahara, na bado akihama anaitwa msaliti. Mchezaji wetu akivuka kutoka Msimbazi kwenda Jangwani anatukanwa pia, lakini angalau amesaini na amelipwa. Huku ni utiifu wa bure.

La pili litakuudhi zaidi. Watu wawili wa klabu moja wakikutana fainali, mara nyingi hawachezi. Wanakubaliana pembeni nani apande juu, wanakumbatiana, mmoja anavaa dhahabu. Kwao ni heshima: klabu imefunga mlango. Kwa shabiki aliyelipa tiketi ni kama fainali ya FA iamuliwe chumbani. Ila tazama hesabu. Kama hakuna zawadi ya fedha, kwa nini uvunje mkono wa mtu unayefanya naye mazoezi kila siku? Dola milioni ndiyo inayouondoa utamaduni huo. Fedha haibadilishi maisha ya mchezaji tu, inabadilisha hata maana ya urafiki.

Basi wanakula nini?

Kati ya wanaoshindana, wengi wanaishi kwa kufundisha. Mkanda mweusi unachukua takriban miaka kumi, na ukishaupata ndiyo leseni yako ya kufungua klabu. Wanafunzi wanalipa ada ya mwezi. Mwenye jina anaitwa miji mingine kufundisha siku moja, analipwa kwa kichwa. Wengine wanarekodi mafunzo ya video na kuyauza mtandaoni, na nyota wachache wametengeneza huko fedha nyingi kuliko za medali zao zote.

Kwa hiyo taji ni tangazo. Unashinda ili watu waje kujifunza kwako. Ndiyo maana mtu analipa kiingilio, anapigwa, anarudi tena mwaka ujao: ananunua jina.

Huo siyo ujinga. Ni biashara, ila ni lazima mtu aijue kabla hajaingia.

Njia ya kutoka Kilombero

Sasa turudi nyumbani. Ifakara ukiulizia mkeka wa jujitsu utaelekezwa kwa wasusi. Lakini mifano ya karibu ipo, na haiko mbali.

Panda basi, pita Kidatu, tokea Mikumi, utafika Morogoro mjini. Huo ni mji wa Francis Cheka, ambaye Agosti 30, 2013 pale Diamond Jubilee jijini Dar es Salaam alimpiga Mmarekani Phil Williams na kutwaa mkanda wa WBF. Ni mji wa Twaha Kiduku pia, ambaye mapambano yake na Dulla Mbabe yaliwagawa mashabiki kama dabi. Hawa hawakutoka Masaki. Ni vijana wa mkoa wetu huu huu wa Morogoro.

Ngumi za kulipwa zimewapa jina, na zimetuonyesha pia upande wa pili. Hassan Mwakinyo wa Tanga alishangaza dunia Septemba 2018 alipommaliza Sam Eggington raundi ya pili mjini Birmingham. Miaka mitano baadaye, Septemba 2023, aligoma kupanda ulingoni Dar es Salaam akidai mkataba haukutekelezwa, na kamisheni inayosimamia ngumi za kulipwa ikamfungia. Nani alikuwa sahihi, wadau watabishana mpaka asubuhi. Fundisho ni kwamba hata bondia mkubwa kuliko wote nchini alijikuta anagombana kuhusu karatasi.

Ukivuka bahari kuna njia nyingine. Zanzibar ina judo ya miaka mingi, iliyojengwa na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia visiwani na kuwafundisha vijana wa huko. Na kwenye Olimpiki ya Paris 2024, Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha Tanzania katika judo. Judo haina dola milioni, ila ina Olimpiki, na jujitsu haina Olimpiki mpaka leo. Ndugu wawili wa tumbo moja: mmoja kapata serikali, mwingine kapata matajiri.

Kijana wa Ifakara mwenye kiuno cha mieleka anaweza kuanzia yoyote kati ya hizo. Mwili unaojua kuangusha na kuangushwa hauwi mgeni kwenye mkeka wowote.

Maswali matatu kabla ya kusaini

Ninaandika haya kwa sababu kila klipu ya dola milioni inavyopita, kuna mtu pembeni anayejua kuitumia. Anakuja na ahadi ya safari, pambano la nje, paspoti atashughulikia yeye, wewe tafuta tu "fedha ya kuanzia". Kijana anauza magunia ya familia.

Ndiyo maana kabla hujakubali mkeka, ulingo au majaribio ya timu, uliza matatu.

Nani analipa nauli, ya kwenda na ya kurudi? Wengi huulizia ya kwenda tu.

Pambano lisipofanyika, ninalipwa nini? Jones aliweka dola 10,001 kwa kuingia tu, kwa sababu alijua mazoezi ya miezi mitatu ni kazi hata ukipoteza kwa sekunde kumi.

Nikiumia, nani ananitibu? Hili kwa mtu wa bonde ndilo kubwa kuliko yote. Mkono unaokunjwa kimura mwezi wa kumi ndio unaotakiwa kushika jembe mvua zikianza. Bondia wa Las Vegas akiumia anapumzika. Wa huku akiumia, shamba haliwezi kumsubiri.

Mtu akishindwa kukujibu matatu hayo kwa maandishi, huyo hajakuletea mchezo. Amekuletea ndondo, na kiingilio ni wewe.

Jioni, mechi ikiisha na kibanda kikifungwa, watoto bado wako juu ya pumba. Mmoja amemlaza mwenzake, mwenzake anagonga chini, wanaachiana, wanacheka. Hakuna anayewalipa na hakuna aliyelipa. Wacha wacheze hivyo kwa sasa.

Siku yao ya kusaini ikifika, wakumbuke hesabu moja. Mkeka wa Las Vegas ulikuwa na watu 32. Uliotiki ni wawili. Wale wengine 30 hawakurudi mikono mitupu, kwa sababu kuna mtu aliuliza swali la fedha mapema.